Shajara ya mradi: kuonja bia za Cantillon kwa Kiswahili, Novemba mpaka Aprili

Novemba 3

Leo nimeanza rasmi kwaiyo naandika mapema kabla sijasahau kwa nini naufanya huu mradi. Mpango ni huu: kuanzia sasa mpaka Aprili naonja chupa kumi za kiwanda kimoja tu, Cantillon, kipo Anderlecht hapa hapa Brussels, na kila chupa naiandikia tathmini kwa Kiswahili kitupu. Harufu, ladha, rangi, kila kitu. Sio kutafsiri vile wenzangu wanavyosema kwa Kifaransa, nataka maneno yetu wenyewe.

Ilivyoanza: mwezi uliopita nilikaa na watu wanaoijua bia kweli kweli, ikafunguliwa Gueuze, bia chachu ya hapa Brussels, kila mtu akatoa neno lake, huyu kasema ngozi, yule limau, yule zizi la farasi, ikafika zamu yangu nikanyamaza. Sio kwamba sikuonja kitu. Nilionja vizuri sana, nilionja mbege ya bibi, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya siku ya tatu, ile ambayo wazee wa kwetu Kibosho, Kilimanjaro, walikuwa wanaifuata asubuhi wakati vijana wameshaona imeharibika. Neno lilikuwepo mdomoni ila lilikuwa la Kiswahili na pale mezani hakukuwa na wa kulipokea. Limenikaa wiki nzima. Bibi alipika mbege miaka na miaka, na ukimpa kata moja alikuwa anaweza kukwambia imepikwa lini na ndizi zilikuwa zimeiva kiasi gani, sasa mtu kama huyo huwezi kusema hakuwa na lugha ya kuonjea. Alikuwa nayo na mimi nimekulia ndani yake.

Kwa nini Cantillon na sio kingine: kwanza ni kiwanda cha zamani, kilianzishwa mwaka 1900 na Paul Cantillon na mkewe Marie Troch, na mpaka leo kiko mikononi mwa familia hiyo hiyo. Mkwe wa familia, Jean-Pierre Van Roy, ndo alikifanya kiwe makumbusho pia mwaka 1978, wakati viwanda vingi vya aina hii mjini vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, na saivi anayepika ni mwanawe Jean. Pili kiko barabara ya Gheude, kutoka stesheni ya Midi unatembea kwa miguu tu. Tatu, na hii ndo kubwa, bia yao haiwekewi hamira. Wanapika, wanaiacha wazi usiku, hewa inaingia, basi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, anaelewa hapo nazungumzia nini.

Kanuni nilizojiwekea ni chache. Chupa inatoka chini kwenye stoo sio kwenye friji, digrii 12 mpaka 14 hivi. Naonja glasi ya kwanza ikifunguliwa tu, naonja ya pili baada ya saa moja, na nabakiza kidogo naziba mpaka kesho yake. Alama ni kwa kumi na naruhusiwa kuzibadilisha.

Novemba 9

Leo ilikuwa siku ya upishi wa wazi, wanafanya mara mbili kwa mwaka, wanawafungulia watu milango alfajiri uone kazi yote tangu mwanzo. Nimetoka nyumbani giza bado. Naandika kirefu maana bila hii sehemu tathmini zote zitakazofuata hazitakuwa na miguu.

Nafaka ni mbili: shayiri ya kimea kama theluthi mbili na ngano mbichi theluthi moja. Ngano ile haijaoteshwa, ni mbichi kabisa, ndo inayoacha wanga mwingi ambao hamira ya kawaida haiuwezi, unabaki kuwa chakula cha vijidudu vya polepole vitakavyokuja kuula kwa miaka. Inakorogwa kwenye pipa kubwa la chuma lenye mapanga ya zamani yanazunguka kwa mikanda na magurudumu, mlio wake ni kama mashine ya kusaga ya kijijini, na harufu jamani, harufu ni uji. Uji wa asubuhi kabisa. Nikaonjeshwa yale maji ya kwanza, matamu, mazito, nikasema kimoyomoyo hii ni togwa. Wenzetu wana jina lao lakini kwenye daftari langu nimeandika togwa ya shayiri na ndivyo nitakavyoiita mpaka mwisho.

Togwa inapandishwa ghorofani, inachemshwa na hopi, yale maua yanayoitia bia uchungu, masaa matatu manne hivi. Na hopi zenyewe sio mpya, zimewekwa kama miaka mitatu makusudi ili ule uchungu uishe, kinachotakiwa ni nguvu yake ya kuzuia uozo tu. Hapo nikakumbuka msesewa. Gome la msesewa kwenye mbege linatia uchungu na linaishika pombe isikimbie haraka, yani kazi ni ileile ya mti kuilinda pombe, ila sisi uchungu tunautaka na hawa wanausubiri uondoke. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu.

Alafu juu kabisa chini ya paa kuna sinia. Sina neno lingine, ni sinia la shaba kubwa kama chumba, lina kina kifupi, linabeba lita 7500 hivi. Togwa inamwagwa humo ikiwa ya moto inatoa mvuke mpaka huoni ukuta wa pili, madirisha ya mbao yamefunguliwa, na inaachwa mpaka asubuhi ipoe yenyewe ifike digrii 18 au 20. Usiku huo ndo inapata kila kitu, hamira za porini, bakteria, vyote vinavyoishi kwenye hewa ya bonde la mto Senne na kwenye mbao za paa lile. Kesho yake inashushwa kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yalishawahi kubeba divai, na baada ya siku chache inaanza kuumuka yenyewe, povu linatoka kwenye tundu la juu, wanaacha tundu wazi mpaka itulie.

Kwenye chumba cha mapipa kuna utando wa buibui kila kona na hawaufagii. Buibui wanakula vijinzi vinavyofuata matunda. Mama mmoja mtalii alikuwa anaukwepa utando kwa mkono juu ya kichwa, mimi nilisimama chini yake muda mrefu nanusa. Nitaielezea harufu ile nikifika kwenye chupa, leo nimechoka.

Novemba 16. Chupa ya kwanza, Gueuze

Gueuze ni mchanganyiko wa lambiki za mwaka mmoja, miwili na mitatu. Lambiki ndo ile bia yenyewe ikiwa pipani. Ya miaka mitatu ina akili, imeshatulia, imekausha sukari yote, ya mwaka mmoja bado ina utamu, wakichanganya na kutia kwenye chupa ule utamu wa mtoto unaumuka tena ndani ya kizibo na ndo gesi inapatikana. Nguvu yake asilimia 5 na kitu.

Rangi: asali iliyochujwa, ina ukungu kidogo. Povu jeupe, linapanda haraka na linashuka haraka.

Harufu, glasi ya kwanza: maganda ya limau, ghala la mahindi likifunguliwa baada ya miezi, na chini yake kabisa kuna kitu ambacho kimenichukua robo saa kukipata. Kwetu ng'ombe anafugwa ndani, anatandikiwa majani ya migomba makavu. Yale majani akishayalalia usiku mmoja, kabla hayajachafuka sana, yana harufu tamu-kavu yenye joto. Ndo hiyo. Wenzangu walisema zizi la farasi na walikuwa karibu, lakini zizi ni neno pana mno, mi naandika majani ya migomba yaliyolaliwa.

Harufu hiyo ina mwenyewe, ni hamira ya porini inaitwa bretanomisi. Iligunduliwa na Claussen kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, akaitangaza mwaka 1904, akaipa jina lenye maana ya kuvu wa Kiingereza kwa sababu aliikuta kwenye bia za Uingereza zilizolazwa muda mrefu. Baadae ya huku nayo ikapewa jina la mji huu, bruxellensis. Inafanya kazi polepole sana, inakuja mwishoni wakati wenzake wamechoka.

Ladha: uchachu umenyooka, unaingia pembeni mwa ulimi, haukerekeshi koo. Mwishoni ukakasi mdogo, kama umetafuna ganda la ndizi mbichi alafu ukatema. Inaisha kavu kabisa.

Alama 7. Nilitaka kutoa zaidi ila nilihisi kuna sehemu sijaielewa.

Novemba 17

Kilichobaki jana, gesi imeisha. Sasa imekuwa mbege kabisa. Nimekunywa nimesimama jikoni kabla ya kwenda kazini, kijiko kama mbili tatu za mwisho, na nimesikia ule uzito wa katikati ambao jana gesi iliuficha, kama ganda la mkate ulioungua kidogo.

Novemba 24

Leo hakuna chupa, leo ni maneno, maana nimegundua nikiandika "chachu" kila mahali mradi hauna maana. Kwa Kifaransa wanasema neno moja tu la uchachu alafu wanaongeza limau, siki, maziwa. Sisi tunayo yaliyojitenga tayari. Chachu ni uchachu mzuri wa kitu kilichoumuka. Kali ni ule unaouma, wa siki. Alafu kuna gwadu, hili nililipata sekondari kwa dada mmoja wa Tanga tuliyelala naye bweni moja, alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili anasema lina ugwadu, ni uchachu wa tunda ambalo halijaiva, una ukijani ndani yake. Na kuna kuchacha, hiyo ni kuharibika, sio sifa. Chakula kimechacha unamwaga. Mbege imechachuka unakaa unakunywa. Herufi mbili tatu tu zimeongezeka na maana imegeuka, na kwa hizi bia hiyo tofauti ndo kila kitu maana mtu asiyezijua atakwambia zimechacha wakati zimechachuka.

Ukakasi nao sio uchachu, ni ule mkauko unaoshika ulimi. Kukereketa ni kooni. Basi nina sita za kuanzia.

Desemba 8. Kriek na Rosé de Gambrinus

Nimefungua mbili siku moja kwa sababu nilikuwa na wageni wanne, na ni kosa, sitarudia, hauwezi kusikiliza bia mbili za matunda kwa pamoja watu wakiwa wanaongea.

Kriek ni ya cheri kali ndogo ndogo, gramu 200 hivi kwa lita, zinawekwa nzima na kokwa zake kwenye pipa la lambiki. Cheri za hapa zamani zilikuwa zinatoka Schaerbeek, mtaa ambao leo umejaa nyumba na tramu tu. Rangi damu ya mzee, povu la waridi. Watu wengi wanategemea utamu kwa sababu ya tunda, hakuna utamu, sukari yote ya tunda imeliwa, kilichobaki ni roho ya cheri. Na kokwa ndo zinatoa kitu kama lozi, dakika ya pili hivi, nyuma ya pua. Uchachu pamoja na ugwadu kidogo. Mgeni mmoja kutoka Zanzibar, hanywi pombe lakini alinusa, akasema hapo hapo "ubuyu". Ni kweli. Ubuyu ule mwekundu wa kupakwa rangi na pilipili manga, ukiondoa sukari. Alama 8.

Rosé ni rasiberi. Harufu inawahi sana, inakupokea mlangoni, alafu ladha inakuja kavu na kali kuliko ulivyoahidiwa. Wengine pale mezani waliipenda kuliko zote, mi nimeipa 7, harufu 9.

Januari 11. Grand Cru Bruocsella

Hii haina gesi. Ni lambiki ya miaka mitatu peke yake, hawajaichanganya na mtoto, wameichagua pipa wakaitia kwenye chupa kama ilivyo. Ukiimimina inalala kwenye glasi kama chai. Rafiki yangu wa kazini aliuliza imekufa? Haijakufa.

Nimeipa jioni nzima. Nilizima redio. Bia isiyo na gesi hakuna kinachokusukumia ladha, inabidi uifuate mwenyewe, na kwa sababu mbege nayo haina gesi ya kupasuka hapa nilijikuta niko nyumbani kuliko kwenye chupa zote za mwanzo. Inaanza na maganda ya machungwa yaliyokaukia dirishani. Alafu mbao. Alafu ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani ikakauka, ila siku ya pili sio ya kwanza, maana siku ya kwanza bado ina shombo. Uchachu upo lakini umekaa chini, umevaa vizuri. Katikati kuna chumvi chumvi sijui inatoka wapi. Na inabaki mdomoni, nilihesabu kwa saa, nilikuwa bado naisikia baada ya dakika tatu.

Miaka mitatu kwenye pipa, na pipa la mbao linapumua, kila mwaka sehemu inapotea hewani na hawaongezi kitu juu. Unakunywa kilichokubali kubaki. Alama 9.

Januari 19

Nimempigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko baridi, tukafika kwenye mradi. Nilidhani atashangaa naacha kazi za maana naonja pombe, lakini alinyamaza akasikiliza mpaka mwisho alafu akaanza kuuliza kama fundi. Wanapika na nini? Shayiri na ngano mama. Hamira? Hawaweki. Kabisa? Kabisa, wanaacha usiku wazi. Wanaacha wazi wakati gani wa mwaka? Nikamwambia kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Aprili, joto likiingia wanaacha kupika. Akasema eeh, joto linaleta wageni wabaya. Maneno yake hayo hayo. Ndo sababu yenyewe kabisa, usiku wa joto togwa haipoi haraka na bakteria wa kuozesha wanajaa kabla wale wazuri hawajashika. Mwezi Novemba 2015 Cantillon walilazimika kusimamisha upishi kwa sababu usiku ulikuwa wa joto mno, na Jean Van Roy amesema wazi mara nyingi kwamba msimu wao unazidi kuwa mfupi. Nilipomwambia hilo mama alisikitika kama anasikitikia jirani. Kwetu nako migomba inalia na mvua.

Mwisho akauliza, hiyo ya miaka mitatu, inanukaje? Nikamwambia ngozi, mbao, majani aliyolalia ng'ombe. Akasema "basi hiyo imeiva". Hilo nimeliongeza. Kuiva, kwa pombe. Nilikuwa nalo siku zote sikuliona. Na akasema nikija Desemba nije nayo aonje.

Februari 2. Iris, chupa mbovu

Nimeinunua dukani sio kiwandani, na ilikuwa imesimamishwa shelfuni karibu na dirisha, niliona na bado nikachukua. Kizibo kilikauka, kimetoka vipande. Harufu ya boksi lililolowa mvua, vundo, hakuna kingine. Hiyo sasa ndo imechacha kweli na nimeimwaga. Hizi chupa zinatakiwa zilale, kizibo kikae kwenye maji, gizani. Sitaipa alama kwa sababu kosa sio la mpishi.

Februari 15. Iris, ya pili

Hii nimeifuata kiwandani kwenyewe na nimeibeba mkononi kama yai. Na leo sikuonja peke yangu, nilikuwa na ndugu yangu wa Bukavu anayekaa Ixelles karibu na Matonge, tumejuana kanisani, Kiswahili chake na changu kila mmoja anakipenda cha mwenzake.

Iris ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1998 kusherehekea miaka ishirini ya makumbusho, jina ni la ua la manjano ambalo ni alama ya mkoa wa Brussels. Hii sio lambiki kamili maana haina ngano, ni shayiri tupu, na hopi nusu ni za zamani nusu ni mpya, alafu kabla ya kutia kwenye chupa wanaloweka hopi mbichi tena kwa wiki kadhaa. Kwaiyo ndo bia yao pekee kati ya hizi zangu ambayo ina uchungu wa kweli. Asilimia 6.

Ndugu yangu alinusa, akakunywa, akakaa kimya, akasema "dada, hii iko kasiksi". Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao Kivu. Akafikiria tena akasema "hapana, mukali yake iko ya kasiksi, lakini uchungu iko ya kitu ingine". Hicho kitu kingine mimi nilikuwa nakijua. Msesewa! Uchungu umekaa juu ya uchachu, haujazama ndani yake, unavisikia viwili kwa wakati mmoja kama watu wawili wanaongea chumba kimoja bila kukatizana. Rangi ya shaba. Harufu ya nyasi zilizokatwa, machungwa, majani ya chai makavu. Kwenye glasi ya pili uchungu ulirudi nyuma na kukatokea kama sukari guru iliyoungua.

Tulikaa mpaka usiku tunalinganisha. Yeye anasema kwao ndizi zinakamuliwa juisi na unga wa mtama unaingia ndo inaumuka, mi nikamwambia sisi ndizi tunazichemsha mpaka ziwe nyekundu, tunaziacha siku kadhaa, alafu kimea cha ulezi ndo kinakuja. Warwanda na urwagwa wao nao wako humo humo. Kwenye meza moja ya jikoni Brussels tulikuwa na pombe tatu nne ambazo hakuna mtu anayezitilia hamira ya paketi. UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi mwaka 2016, vizuri, wanastahili. Na mi natamani sana mtu aandike za kwetu kwa umakini huu huu, kwa tarehe, kwa kipimo, kwa jina la mti na jina la ndizi, kabla bibi wa mwisho anayejua hajaondoka.

Alama 9. Ndugu yangu ametoa 8 kwa sababu anasema haikumpa usingizi.

Machi 8. Vigneronne, Saint-Lamvinus

Mbili za zabibu, wiki mbili tofauti, naandika pamoja. Vigneronne ni zabibu nyeupe, laini, harufu ya maua, nzuri lakini kwangu imekuwa kama mtu mwenye adabu sana mpaka hujui anafikiria nini. 7. Saint-Lamvinus ni zabibu nyekundu za Merlot na hapa ukakasi ndo umetawala, umeshika ufizi kabisa, umekaa kati ya bia na divai na haujaamua. Kesho yake ilikuwa bora zaidi, ukakasi umelainika ikabaki kama juisi ya rosela isiyotiwa sukari. Jana nilikuwa nimeandika 6, leo 7.5.

Machi 22. Fou'foune

Aprikoti za aina ya Bergeron, kutoka Ufaransa, bia ilianza 1998 kama Iris. Hii ni ngumu kuipata, ikitoka inaisha, na mi nimepewa na mtu aliyeniwekea tangu vuli.

Hapa nilikwama. Aprikoti kwetu halipo, sina utoto nalo, kwaiyo nikiandika "inanukia aprikoti" nimeandika kitu cha kukopa. Niliinusa nikatembea chumbani nikarudi. Embe dodo? Hapana, embe lina mafuta. Pera lililoiva sana, karibu. Pichi za Lushoto! Zile ndogo zenye manyoya zinazouzwa kwenye ndoo barabarani, ukiuma ngozi kwanza ina ukakasi alafu nyama inakuja. Ndo yenyewe. Na uchachu wake ni wa duara, hauna kona. Ningeweza kuinywa peke yangu yote na niliinywa karibu yote. Matunda haya yanafifia haraka chupani kwaiyo ukiipata usiilaze miaka, inywe. 9.

Aprili 6

Nimepita kiwandani leo, msimu wa kupika umeisha, sinia limeoshwa limeachwa wazi linang'aa. Chini mapipa ya Novemba yameshatulia. Moja la mstari wa mbele limeandikwa kwa chaki na nadhani ni la siku ile niliyokuwepo, niliweka mkono juu yake. Litafunguliwa baada ya mwaka kama ni mtoto, au baada ya mitatu.

Aprili 12. Chupa ya kumi, Gueuze tena

Niliinunua siku moja na ile ya kwanza, mzigo mmoja, imelala stoo miezi mitano. Nilifunika tathmini ya Novemba kwa karatasi nisiione.

Harufu: maganda ya limau yamepungua, ghala lipo, majani ya migomba yaliyolaliwa yamesogea mbele. Kuna kipya, jiwe la kusagia likiwa limelowa. Ladha: uchachu, sio ukali, ugwadu sifuri. Ukakasi wa ganda la ndizi upo palepale mwishoni. Na katikati sasa nimesikia vizuri kile ambacho Novemba nilikipata tu siku ya pili gesi ilipoisha, ule mkate ulioungua. Nilifunua karatasi nikalinganisha, maneno manne kati ya sita yamejirudia bila kuangalia. Kwaiyo maneno yanashika. Bia imebadilika kidogo, ulimi umebadilika zaidi.

Imeiva. Alama 9.5, na ile 7 ya Novemba nimeifuta.

Kuna chupa ya kumi na moja ambayo haiko kwenye mpango, Bruocsella, nimeichukua Jumamosi ile ile nilipoenda kuangalia sinia. Nimeilaza chini kabisa ya kabati, nimeizungushia sweta, na nimebandika karatasi: ya Mama, Desemba, isiguswe. Kata ya kunywea ataitoa mwenyewe.